Hesabu za Jikoni

Ukurasa huu umezoea kuzungumza habari za pamba, korosho, barabara na mikutano. Leo twawaomba wasomaji wetu ruhusa ya kuingia jikoni, mahali ambapo wahariri hawaitwi mara nyingi, na ambapo sisi wenyewe tulipoingia tuliulizwa tumepoteza nini.

Jioni moja tulisimama mbele ya duka dogo katika mtaa mmoja wa Manzese, jijini Dar es Salaam, saa ile watu washukapo kutoka kwenye daladala na moshi wa majiko uanzapo kupanda uani. Kwa muda wa nusu saa hivi walifika wanunuzi wengi, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto waliotumwa na mama zao. Hakuna hata mmoja aliyenunua kilo nzima ya kitu chochote. Wa kwanza alitaka nusu robo ya sukari. Wa pili alikuja na chupa tupu ya maji, akatiwa mafuta ya kula kipimo kimoja. Wa tatu alichukua nusu kilo ya unga wa sembe, kipande cha sabuni kilichokatwa kutoka kwenye mche, na majani ya chai ya shilingi mia. Hatua chache kutoka hapo mama mmoja alinunua mkaa wa kopo moja, akalitazama lile kopo, akaomba nyongeza. Muuza mkaa akamtupia kipande kidogo bila kusema neno, kama mtu aliyekwisha zoea kuombwa.

Mtu asiyeijua mitaa yetu angeweza kudhani kwamba watu hawa wananunua kidogo kwa sababu wanakula kidogo, au kwa sababu hawajui kupanga. Sivyo hata kidogo. Wananunua kidogo kwa sababu fedha iliyopo mkononi jioni hiyo ni kidogo, na kesho jioni watarudi tena na fedha nyingine kidogo. Mwisho wa mwezi watakuwa wametumia fedha nyingi kuliko jirani yao mwenye uwezo wa kununua vitu vile vile kwa mara moja. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulitazama leo, maana twaamini kwamba ndani yake mna dhuluma ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote, wala haina mtu mmoja wa kushtakiwa.

Tufanye hesabu. Bei zitakazofuata ni za mfano tu, kwa kuwa bei hubadilika kila msimu na kila mtaa, lakini mwendo wa hesabu haubadiliki. Tuseme lita moja ya mafuta ya kula yauzwa shilingi 6,000. Mwenye duka aifunguapo na kuipima kwa kipimo cha shilingi 500, apata vipimo kumi na vitano, yaani shilingi 7,500. Nyumba itumiayo vipimo viwili kwa siku italipa shilingi 1,000 kila siku, na kwa siku thelathini ni shilingi 30,000. Vipimo hivyo sitini ni lita nne kamili. Jirani aliyenunua lita zile zile nne kwa mkupuo alilipa shilingi 24,000. Basi huyu wetu wa kipimo amelipa shilingi 6,000 zaidi kwa mafuta yale yale, na katika vipimo hivyo hatujahesabu matone yaliyobaki katika kopo la mwenye duka. Ikiwa hasara kama hiyo yampata katika unga, sukari, mkaa na sabuni, itakuwa shilingi 30,000 kwa mwezi na shilingi 360,000 kwa mwaka. Mzazi mwenye watoto watatu shuleni ajua fedha hiyo ingefanya kazi gani katika mwezi wa Januari. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaendelea hadi kidato cha sita; hilo ni jambo kubwa, nasi tulilifurahia. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana bado hutoka katika mfuko ule ule utoao kipimo cha mafuta.

Hatuandiki haya ili kumtukana mwenye duka. Yeye naye hununua kwa katoni moja moja, hulipa kodi ya chumba, mafuta humwagika, sukari huliwa na sisimizi, na daftari lake la madeni limejaa majina ya watu waliohama mtaa usiku. Akiuza kwa bei ya jumla atafunga duka kabla ya mwezi kwisha. Tena ni yeye amwaminiye mama wa nyumbani siku ambayo hakuna mwingine amwaminiye. Kosa haliko kwake.

Tena yafaa wasomaji wetu wakumbuke kwamba kipimo huumiza katika ncha zote mbili. Mkulima wa viazi wa Njombe kwa miaka mingi amelalamika juu ya lumbesa, gunia lile lililoshonewa nundu juu ya mdomo wake, ambalo mnunuzi hulilipia kama gunia moja tu. Kanuni zataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo amekamata magari mara nyingi, lakini nundu hukatwa leo na kushonwa kesho. Basi viazi hivyo hivyo vikifika mjini hupangwa mafungu ya vitano vitano juu ya gunia kuukuu, na mama wa Manzese hununua fungu moja. Mkulima ameuza kwa kipimo kilichozidi, mlaji amenunua kwa kipimo kilichopungua. Wazee wetu wa pwani walikuwa na kibaba, na kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne, na kila mtu alijua pishi ni nini. Leo kibaba kimebaki katika methali, na mahali pake penye duka pameketi kopo, ambalo kila muuzaji analo la kwake.

Wapo watakaosema kwamba kuuza kidogo kidogo lazima kuwe ghali, kwa kuwa ndiyo kawaida ya biashara. Twawaomba watazame umeme. Mtu anunuaye LUKU ya shilingi 2,000 hulipa kila uniti kwa bei ile ile ya mwenzake wa daraja lake anunuaye ya shilingi 10,000, ukiacha kodi ya jengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa humo humo kila mwezi. Shirika la umeme halimwadhibu mteja kwa udogo wa fedha aliyonayo siku hiyo. Basi jambo hilo lawezekana, ikiwa mwenye bidhaa ni mkubwa wa kutosha na kipimo chake ni cha kweli.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo wanaume wenzetu hawatapenda kulisoma asubuhi. Sehemu kubwa ya nyumba tuzijuazo huendeshwa kwa ile iitwayo hela ya kula, au fedha ya mezani. Baba aamkapo huacha shilingi elfu tano, au elfu saba, au elfu kumi, juu ya meza au chini ya kikombe, kisha huenda zake. Mama huiona, hujua kwamba ndiyo siku nzima, asubuhi na mchana na usiku, na hujua pia kwamba hana haki ya kuuliza kwa nini jana ilikuwa elfu saba na leo ni elfu tano. Tumekutana na wake waliokaa katika ndoa miaka kumi na miwili bila kuujua mshahara wa waume zao. Wameujua tu siku ya msiba, ofisini, mbele ya wageni, wakati wa kujaza fomu za mafao.

Tuliwauliza baadhi ya wanaume sababu. Mmoja, mtumishi wa ofisi, alisema kwamba mke akijua mshahara wote atauandikia matumizi mpaka senti ya mwisho, na ndugu zake watajua kabla ya jua kuchwa. Mwingine alisema kwamba baba yake alifanya hivyo na nyumba haikuanguka. Wa tatu, ambaye twamheshimu kwa ukweli wake, alisema kwamba anaona haya: mshahara ni mdogo kuliko mke anavyodhani, na kuuficha ndiyo njia pekee ya kubaki mkubwa nyumbani. Jibu hili la tatu lilitunyamazisha, kwa kuwa sisi nasi tumepata kuwa vijana wenye bahasha nyembamba.

Hata hivyo twasema kwamba desturi hii ndiyo impelekayo mama kwenye kipimo kila jioni. Mtu apewaye fedha ya siku moja hawezi kununua kitu cha mwezi, hata awe hodari wa hesabu namna gani. Mtumishi wa umma ambaye kima chake cha chini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025 apokea fedha yake kwa mkupuo. Yeye angeweza kununua unga, mchele, maharage, mafuta na sabuni za mwezi mzima siku ile ile, lakini huichukua fedha ya mkupuo na kuikata vipande thelathini, kisha humpa mkewe kipande kimoja kila asubuhi. Hivyo ongezeko ambalo vyama vya wafanyakazi vimelipigania huvuja taratibu kupitia kopo la mafuta. Mwaka 1963 kima cha chini cha mshahara katika Dar es Salaam kilipowekwa shilingi 150 kwa mwezi, kulikuwa na baba zetu waliorudi nyumbani na gunia la unga begani siku ya mshahara, na watoto wa mtaa wakajua kwamba leo ni tarehe gani. Gunia lile halikuwa na siri. Kila mtu nyumbani aliliona linavyoshuka, na kila mtu alijua lini pa kupunguza.

Twajua kwamba maneno haya hayamfai mtu wa kibarua. Mbeba mizigo wa Kariakoo, fundi saidizi wa ujenzi, mama lishe, kijana wa bodaboda aliyekabidhiwa chombo cha mtu kwa hesabu ya kila siku, hao hupata fedha ya leo kwa leo na hawana cha kukata vipande. Na hao ndio wengi. Mjane wa Sarepta, ambaye wasomaji wetu wa Biblia wamkumbuka, alikuwa na unga wa mkono mmoja na mafuta ya chini ya chupa, na hakuna mtu aliyemshauri anunue kwa jumla.

Hapo ndipo aingiapo yule mtu mwenye pikipiki na daftari. Katika mitaa yetu mikopo yake yaitwa kausha damu, na jina hilo halikutungwa na wahariri. Mama mmoja, jirani wa mtu tumjuaye, alichukua mkopo wa namna hiyo ili kununua sare za watoto na kuongeza mtaji wa maandazi. Alitakiwa kurejesha kila siku. Wiki mbili za kwanza alirejesha. Wiki ya tatu mtoto aliugua, akala mtaji. Akachukua mkopo wa pili, mahali pengine, ili alipe wa kwanza. Mumewe hakujua lolote, kama vile yeye mama asivyojua mshahara wa mumewe. Katika nyumba hiyo siri zilikuwa mbili na kila moja ilikuwa na riba yake. Siku moja vijana watatu walifika adhuhuri wakachukua godoro, jiko la gesi na mtungi wake, na televisheni iliyokuwa bado haijamaliza kulipiwa. Baba aliporudi jioni alikuta watoto wameketi juu ya mkeka. Ndoa ile haikuvunjika, lakini mama alikaa kwao miezi mitatu, na mtoto mkubwa alikosa mitihani ya muhula.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka mkopeshaji awe na leseni, naye asiyekuwa nayo avunja sheria ya nchi. Viongozi wa mitaa wawajua wakopeshaji hawa kwa majina na kwa rangi za pikipiki zao. Twauliza basi: mkopaji anapokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulia, kwa nini aulizwe kwanza kama alitia sahihi, asiulizwe yule aliyemkopesha leseni yake iko wapi? Kadhalika iko mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake utengenezwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba. Lakini hutolewa kwa vikundi na kwa shughuli za uzalishaji, na mama anayehitaji sare Jumatatu hawezi kusubiri kikao. Mwenye pikipiki hufika mlangoni siku hiyo hiyo, na huo ndio uwezo wake wote.

Chama chetu hakiwezi kusema kwamba mambo haya ni mapya kwake. Mara tu baada ya Uhuru, mwaka 1962, iliundwa COSATA ili kufungua maduka ya ushirika mijini na vijijini na kumpunguzia mlaji bei. Maduka yale yalipata hasara, na kabla ya miaka kumi kupita jina lake lilikuwa limekwisha sahaulika. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ambayo ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini kabla ya yale ya ushirika kuwa na chumvi ya kuuza, nayo ikasimamishwa mwaka ule ule. Miaka ya mwanzo ya themanini yalikuwapo maduka ya kaya, na wengi wetu tuliokuwa watoto wakati ule twakumbuka tulivyoamshwa alfajiri kushika foleni ya sukari tukiwa na mfuko mkononi. Hatuyataji haya kwa kubeza. Nia ilikuwa njema, lakini maduka yale yaliletwa kutoka juu, yakawekewa meneja aliyelipwa awe ameuza au hakuuza, na yakapewa bidhaa kwa kibali badala ya kwa mahitaji. Mama wa nyumbani, ambaye ndiye aliyejua nyumba yala nini, hakuwamo katika halmashauri ya duka.

Wakati huo huo wanawake walikuwa na yao, bila kibali cha mtu. Mchezo, upatu, kibati: majina ni mengi na kazi ni moja, kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea kwa zamu. Kisha vikaja VICOBA, kwa mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ambako wanawake waliweka akiba pamoja na kukopeshana wenyewe bila benki. Mtindo huo ulifika kwetu miaka kama kumi baadaye, na leo ni shida kupata mtaa usio na kikoba. Viko hata vikoba vya sikukuu, ambavyo huchanga mwaka mzima na kununua mchele, mafuta na sukari kwa ajili ya Idi au Krismasi, kisha hugawana. Sisi tulipoviona vikoba hivyo tuliuliza swali la kitoto: ikiwa watu waweza kununua pamoja kwa sikukuu, kwa nini wasinunue pamoja kwa Jumanne ya kawaida?

Tulijibiwa kwamba wapo wafanyao hivyo. Tulipelekwa Mbagala, kwenye nyumba tisa zilizo chini ya balozi mmoja. Humo mna watumishi wawili, dereva mmoja, mama lishe wawili, na wengine ni vibarua. Walianza na mchele peke yake. Wale wenye mshahara hutoa fedha ya gunia mwisho wa mwezi. Wale wa kibarua huweka shilingi elfu moja kila jioni kwa mtunza fedha, nao huandikwa. Gunia hufunguliwa mbele ya watu wote na kupimwa kwa mizani, si kwa kopo, na kila mtu huchukua kwa kadiri ya alichoweka. Mwenye kibarua hachukui kwa mkopo. Huchukua alichokwisha lipia. Hilo walilikataa tangu mwanzo, kwa kuwa waliona kikundi jirani kikifa kwa deni la mtu mmoja aliyekuwa na maneno matamu.

Mambo hayakwenda sawa kila siku. Mwezi wa pili gunia lilikuja na mchele wenye mawe, wakagombana ni nani aliyelichagua. Mwanamume mmoja alikataza mkewe asishiriki, akisema kwamba majirani watajua nyumba yake yala kilo ngapi. Mizani yenyewe iliazimwa kwa muuza nyama na ilikuwa na harufu. Tuliuliza kama wamewahi kwenda Wakala wa Vipimo kuikagua, wakacheka. Tulipouliza kama kiongozi yeyote wa wilaya, wa Chama au wa Serikali, amepata kufika kutazama, mtunza fedha, mama wa makamo aliyekuwa akichambua mboga muda wote wa mazungumzo, alijibu kwamba alikuja mmoja wakati wa kampeni, akaahidi mizani mpya.

Tumemwandikia katibu wa wilaya juu ya mizani hiyo. Kuhusu yule mwanamume aliyemkataza mkewe, tuliambiwa kwamba mwezi uliopita alikuja mwenyewe usiku, akaweka shilingi elfu ishirini, akaomba jina liandikwe la mke. Mwezi huu wamekubaliana waongeze ndoo ya mafuta ya lita ishirini, na ugomvi uliobaki ni juu ya nyumba itakayoiweka.